Kondoo chini ya paneli za sola: kazi yenyewe, mafunzo yake, na maswali ya kuuliza kabla uzio haujafungwa

Kwa mfugaji wa Nyanungu, uzio huwa na maana moja: mifugo haipiti. Kata hii ya wilaya ya Tarime inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mpaka wa Kenya hauko mbali. Mashamba ya mahindi na mihogo nayo yanaongezeka kila msimu. Malisho yanabanwa huku watoto wanazaliwa na mifugo inaongezeka.

Ndiyo maana habari za mashamba makubwa ya umeme wa jua zikisikika redioni, wafugaji huuliza swali ambalo wataalamu wa umeme hawalitarajii. Hawaanzi na idadi ya megawati. Wanauliza: na hapo napo tutafungiwa nje?

Jibu fupi ni kwamba si lazima. Katika baadhi ya nchi, mwenye shamba la sola humlipa mfugaji aingize kondoo ndani ya uzio. Kondoo hula nyasi, paneli hubaki wazi kwa jua, na vijana hupewa nafasi za kujifunza kazi hiyo kwa vitendo. Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo inavyofanyika, mafunzo yake yana nini ndani, na kijana wa Mara anaweza kuanzia wapi. Tuseme mapema kwamba makala haya si tangazo la ajira. Ni maelezo ya kukusaidia kuuliza maswali sahihi.

Shamba la sola linachukua ardhi kiasi gani?

Paneli za juu ya bati la nyumba hazihitaji ardhi. Shamba la sola ni jambo jingine. Ni maelfu ya paneli zilizopangwa kwa mistari juu ya vyuma vilivyochimbiwa ardhini, nyaya zimeunganishwa, na eneo zima limezungushiwa uzio kwa sababu ya usalama na wizi.

Hapa Tanzania mfano mkubwa uko Kishapu, mkoani Shinyanga. Ni mradi wa TANESCO uliopangwa kufikia megawati 150, ukianza na awamu ya megawati 50. Mkataba wa ujenzi wa awamu hiyo ulisainiwa mwaka 2023. Kenya kuna kituo cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, chenye uwezo wa takriban megawati 50 kwenye hekta 85. Hizo ni kama ekari 210. Rwanda ilitangulia na kituo cha megawati 8.5 huko Rwamagana, kilichoanza kutoa umeme mwaka 2014. Kina paneli zaidi ya 28,000 kwenye ardhi ya kijiji cha vijana yatima cha Agahozo-Shalom.

Ekari 210 ni eneo kubwa kwa kijiji chochote cha Tarime au Serengeti. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haifunikwi na saruji. Kati ya mistari na chini ya paneli udongo uko wazi, na mvua za vuli na masika zikinyesha, nyasi zinaota.

Kwa nini nyasi ni tatizo?

Nyasi zikirefuka hufunika ukingo wa chini wa paneli. Kivuli kidogo tu kwenye paneli moja kinaweza kupunguza umeme wa paneli nyingine zilizounganishwa nayo. Kiangazi kikifika, nyasi hizo hukauka na kuwa kuni za moto. Wakazi wa karibu na Serengeti hawahitaji kuelezwa moto wa nyasi unavyokimbia upepo ukiwa nyuma yake.

Mwenye shamba ana njia chache. Anaweza kuajiri watu wa kufyeka, kama ilivyofanyika Rwamagana, ambako wenyeji waliajiriwa kwa muda kukata nyasi na kusafisha paneli. Anaweza kutumia mashine, lakini mashine hurusha mawe yanayovunja vioo, na haifiki vizuri chini ya paneli. Anaweza kupiga dawa ya magugu, lakini udongo ukibaki mtupu mvua huubeba, na vumbi lake hutua juu ya paneli. Njia nyingine ni kuleta mnyama anayekula nyasi.

Kwa nini kondoo, na si mbuzi au ng'ombe?

Mbuzi anapanda. Anayemfuga anajua kwamba akiona kitu kimeinama atakikanyaga, na akiona waya atautafuna. Ng'ombe ni mkubwa mno kwa paneli za kawaida: akijikuna kwenye nguzo anaweza kulegeza vyuma, na mgongo wake unafikia kioo. Kuna mashamba yaliyojengwa juu zaidi ili ng'ombe wapite, lakini vyuma virefu vina gharama kubwa.

Kondoo anakula akiwa ameinamisha kichwa, anapita chini ya paneli, na hana tabia ya kupanda. Jua likiwa kali hulala kwenye kivuli cha paneli zenyewe. Dume mwenye hasira anaweza kupiga kichwa nguzo au kisanduku cha nyaya, kwa hiyo wafugaji wengi huingiza majike, wana kondoo na madume waliohasiwa.

Afrika Mashariki tunao kondoo wanaofaa. Kondoo mwekundu wa Kimasai hana sufu ndefu ya kukatwa, na utafiti uliofanywa Kenya na taasisi ya mifugo ya ILRI umeonyesha kwamba anastahimili minyoo ya tumboni kuliko Dorper. Dorper naye hukua haraka na hutoa nyama nyingi. Wafugaji wengi huchanganya damu ya hao wawili ili wapate sifa za pande zote.

Wenzetu wamefika wapi?

Marekani ndiko kazi hii ilikopata chama chake, American Solar Grazing Association. Hesabu iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kondoo zaidi ya 113,000 wakilishwa kwenye mashamba ya sola zaidi ya 500, yenye jumla ya ekari zipatazo 129,000. Ukigawanya, ni chini kidogo ya kondoo mmoja kwa ekari. Kumbuka hesabu hiyo siku mtu atakapokuahidi kwamba ekari 50 za sola zitalisha kondoo 1,000.

Huko mfugaji husaini mkataba wa kutunza nyasi, na mara nyingi analipwa kwa ekari. Mapato yake yanatoka sehemu mbili: malipo ya kutunza eneo, na wana kondoo anaowauza. Wafugaji hao wanahitaji mikono, na hapo ndipo nafasi za mafunzo zinapotokea. Kijana hukaa msimu mmoja au zaidi akijifunza kwa mfugaji, kwenye kampuni ya umeme au chini ya chuo kikuu.

Vipi kuhusu ubora wa malisho? Matokeo hayafanani kila mahali. Utafiti wa chuo kikuu cha Oregon State uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba sehemu zenye kivuli cha paneli zilihifadhi unyevu na kutoa nyasi nyingi zaidi mwishoni mwa msimu wa ukame. Utafiti mwingine wa chuo hichohicho, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta nyasi chache zaidi chini ya paneli, ila zilikuwa na ubora zaidi, na wana kondoo walikua sawa na wenzao wa uwandani. Tunachojifunza ni kwamba kivuli hakiui malisho, lakini pia hakifanyi muujiza.

Hapa kwetu, majaribio yanayofahamika zaidi ya kutumia ardhi ya sola mara mbili yamehusu mazao kuliko mifugo. Yalifanyika Isinya, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, kwenye taasisi ya mafunzo ya kilimo ya Latia, na Morogoro kwa wakulima wa kilimo hai wa shirika la Sustainable Agriculture Tanzania. Paneli ziliinuliwa juu, mboga na mazao mengine yakapandwa chini. Baadhi ya mazao yalizaa zaidi kwenye kivuli, mengine yalizaa kidogo, na udongo ulitumia maji vizuri zaidi. Kama kabichi zinapata nafasi chini ya sola Kajiado, mfugaji ana haki ya kuuliza kwa nini kondoo asipate.

Anayejifunza kazi hii anafundishwa nini?

Kijana aliyechunga tangu utotoni anaweza kudhani hana la kujifunza. Sehemu kubwa anaijua kweli: kumtambua mnyama mgonjwa kwa mwendo wake, kujua jike linalokaribia kuzaa, kuhesabu kundi kwa kulitazama. Ujuzi huo una thamani, naye anapaswa kuutaja anapoomba nafasi. Lakini ndani ya uzio wa sola kuna mambo manne mapya.

La kwanza ni umeme. Paneli hutoa umeme muda wote jua likiwaka, na hakuna swichi ya kulizima jua. Kwenye mashamba makubwa msukumo wa umeme unaweza kufika volti 1,000 hadi 1,500, na huo unaua. Mchungaji hashiki waya uliolegea, hafungi mnyama kwenye nguzo ya paneli, hawashi moto, havuti sigara. Akiona waya umetafunwa au kioo kimepasuka, anaondoa kundi na kutoa taarifa kwa fundi.

La pili ni kuzungusha malisho. Kundi haliachwi litawanyike kote. Tuchukue mfano wa eneo la ekari 14. Unaligawa vipande 7 vya ekari 2 kwa uzio wa kuhamisha, na kila kipande kinalishwa siku 4. Unarudi kipande cha kwanza baada ya siku 28, nacho kimepumzika siku 24. Nyasi hazitafunwi mpaka kwenye mzizi. Faida nyingine ni kupunguza minyoo: mayai yanayotoka na kinyesi huchukua takriban siku 5 hadi 7 kuwa viluwiluwi vinavyoambukiza, na kwa wakati huo kundi limeshahama. Siku za kupumzika hurefushwa kiangazi na kufupishwa masika.

La tatu ni ardhi yenyewe. Unajifunza kutofautisha nyasi nzuri na magugu yenye sumu, kuona dalili za mmomonyoko mahali maji yanapodondoka kutoka kwenye paneli, na kupanda mbegu za malisho sehemu zilizobaki tupu. Unajifunza pia kupima: urefu wa nyasi kabla ya kundi kuingia na baada ya kutoka.

La nne ni kumbukumbu. Mwenye shamba anataka kuona daftari: tarehe, idadi ya kondoo, kipande kilicholishwa, chanjo, vifo, hitilafu iliyoonekana. Kijana asiyeandika hataonekana amefanya kazi, hata kama amekesha na kundi.

Afya ya kondoo nayo haiachwi. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo ni muhimu, kwa sababu ugonjwa huo ulithibitishwa Tanzania mwaka 2008 na unaua kundi haraka. Dawa ya minyoo hutolewa kwa ushauri wa mtaalamu, si kwa kukisia. Na usiwape kondoo madini ya kulamba yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe: mara nyingi yana shaba nyingi, na shaba inayomfaa ng'ombe inaweza kumuua kondoo.

Ukiwa Mara, unaanzia wapi?

Hatua ya kwanza haina gharama: afisa mifugo wa kata. Ndiye anayejua ratiba ya chanjo, na barua yake ya kukutambua kama mfugaji inaweza kukufungulia mlango.

Kwa anayetaka cheti, Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Mabuki, wilayani Misungwi, mkoani Mwanza. Kwa mtu wa Mara ni karibu kuliko Tengeru au Mpwapwa. Hutoa mafunzo ya afya ya mifugo na uzalishaji kwa ngazi ya astashahada na stashahada, na wanafunzi hutakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Kwa upande wa umeme kuna VETA, yenye chuo Musoma. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha usimamizi wa nyanda za malisho kwa ngazi ya shahada.

Wahitimu wanaotafuta mafunzo ya vitendo kazini wanaweza kujiandikisha TaESA, kitengo cha serikali cha huduma za ajira. Kwa wasio na cheti kuna mpango wa serikali wa uanagenzi, ambao kijana hujifunza ufundi chuoni na kwenye karakana au sehemu ya kazi.

Mwanafunzi wa LITA anayetakiwa kwenda kwa vitendo anaweza pia kuandika barua kwa mradi wa sola na kueleza anachoweza kufanya: kupima nyasi, kuandaa mpango wa malisho, kutunza kundi dogo la majaribio. Huenda mwenye mradi hajawahi kufikiria jambo hilo. Barua ya ukurasa mmoja yenye mpango unaoeleweka inamfaa kuliko ombi la kazi yoyote ile.

Jihadhari na matapeli

Neno "sola" likiunganishwa na "ajira" huvutia watu wabaya. Nafasi ya kweli ya mafunzo haikuombi utume pesa kwa simu kwa ajili ya fomu, sare au "kuharakisha jina". Ukipokea ujumbe wa aina hiyo, usitume kitu. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata au ofisi ya kazi uulize kama mradi huo unajulikana.

Kabla ya kuanza, omba mkataba wa maandishi wenye majibu ya maswali haya:

Mafunzo ni ya muda gani, na mwisho wake utapata cheti au barua?
Utalipwa posho? Chakula na malazi ni vya nani?
Nani atakufundisha usalama wa umeme, na lini, kabla hujaingia ndani ya uzio?
Ukiumia, nani anagharamia matibabu? Kama wewe ni mwajiriwa, je, mwajiri amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF?
Kondoo akifa au paneli ikivunjika, hasara ni ya nani?

Na wazazi watuelewe: hii si kazi ya kumpa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumpa kazi za hatari. Kuchunga katikati ya nyaya za volti 1,000 ni kazi ya hatari.

Ardhi kwanza, kondoo baadaye

Hapa ndipo kijiji kinapopata au kupoteza. Mfugaji akienda kuomba malisho baada ya uzio kufungwa, anaomba hisani. Jambo hilo likiandikwa kwenye makubaliano kabla ya ujenzi, linakuwa haki anayoweza kuidai.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kusema. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haiwezi kuhamishwa bila mkutano huo kuridhia, na ikizidi hapo mapendekezo ya mkutano huo lazima yazingatiwe kabla Waziri hajaamua. Shamba la sola la hekta 85 kama la Garissa lingeangukia kundi la kwanza. Maana yake, uamuzi unapita kwenye mkutano unaouhudhuria wewe.

Mkutano huo ukiitwa, kuna mambo matatu ya kuomba yaingie kwenye muhtasari. Mosi, kwamba nyasi ndani ya uzio zitatunzwa kwa kondoo wa wanakijiji, au zitakatwa na kupewa wanakijiji, badala ya kuchomwa au kupigwa dawa. Pili, kwamba paneli zitainuliwa vya kutosha na nyaya kufichwa, maana ni rahisi kufanya hivyo wakati wa kujenga kuliko baadaye. Tatu, kwamba kila mwaka vijana kadhaa wa kijiji, wa kike na wa kiume, watapata nafasi ya mafunzo. Angalia pia kama eneo hilo tayari limetengwa kwa malisho kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kama limetengwa, Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010 inahusika, na wafugaji wana hoja nzito zaidi.

Kinachowezekana bila kusubiri mradi mkubwa

Si lazima usubiri megawati 50. Visima vya sola, zahanati na shule zenye paneli za chini huwa na uzio mdogo wenye nyasi ndani. Eneo likiwa dogo, njia salama ni kukata na kubeba: nyasi zinafyekwa kwa mkono, zinapelekwa kwenye zizi la kondoo, na mbolea inarudi bustanini. Kamati ya maji au ya shule inaweza kukubaliana na kikundi cha vijana au akina mama, kwa maandishi, nani anakata na siku gani. Ni kazi ndogo, lakini inakufundisha ratiba, daftari na nidhamu ya kukaa mbali na nyaya. Kijana anayekwenda kuomba nafasi kwenye shamba kubwa akiwa na daftari la mwaka mmoja wa kazi hiyo atasikilizwa.

Ufugaji wa Mara umezoea kumhesabu ng'ombe kwanza, na kondoo mara nyingi huachiwa watoto. Kwenye shamba la sola mpangilio huo unageuka: ng'ombe hubaki nje, na kondoo ndiye anayeweza kuingia na kumpa mchungaji wake mkataba. Ukisikia kijijini kwenu kuna kikao cha mradi wa umeme wa jua, hudhuria, na swali lako la kwanza liwe hili: nyasi zitakazoota humo ndani zitakuwa za nani?